Anayekaguliwa ndiye anayemlipia mkaguzi nauli

Hapa Lubumbashi, ukiingia kituo cha afya ukamkuta mama mwenye blauzi nyeupe, huna njia ya kujua kama analipwa na Leta, yaani serikali, analipwa na mtu mwingine, au halipwi kabisa. Mgonjwa hajui na kwa kawaida haulizi. Lakini baada ya miaka mingi katika kamati ya afya ya eneo letu, ile tunayoiita CODESA, nimeona kwamba swali hilo ndilo linaloamua karibu yote yanayofuata: bei atakayoambiwa mgonjwa, kama atamkuta mkunga saa nane za usiku, na kama dawa iliyoandikwa kwenye fishi ya stoku itakuwamo kabatini kweli. Na ndilo swali ambalo ukaguzi wa serikali haujawahi kuliuliza mbele yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kamati ilinichukua kwa sababu ilitaka mtu wa kushika daftari la fedha, mtu ambaye hesabu zake zinasomeka. Kituo chetu sitakitaja jina, wala mtaa, kwa kuwa wanaofanya kazi pale bado wapo na ninayoyaeleza yanaweza kuwageukia. Tena si habari ya kituo kimoja. Nimezungumza na wenzangu wa kamati za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, komuni za hapahapa mjini, na tukianza kueleza ya kwetu tunamaliziana sentensi.

Kwa msomaji asiye wa Kongo, niseme kidogo namna mambo yalivyopangwa. Nchi imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni ina ofisi yake kuu, hospitali kuu ya rufaa, na vituo vya afya ambavyo kila kimoja kina eneo lake, kwa kawaida watu wapatao 10,000 na mjini mara nyingi zaidi. Mpango huu ni wa zamani, ulishika mizizi miaka ya 1980 baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978, na wakati ule Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuupanga hivyo. Juu ya zoni kuna Divisheni ya Afya ya jimbo, ambayo kazi yake ni kusaidia na kusimamia, na kando yake kuna Ukaguzi wa Afya wa jimbo, ambao kazi yake ni kuchunguza na kuadhibu. Walitenganishwa makusudi, ili anayefundisha asiwe ndiye anayehukumu. Juu kabisa iko Wizara, Kinshasa. Katika karatasi, sijaona mpango mzuri kuupita huu.

Wasimamizi wa zoni huja kituoni na karatasi zao za maswali. Wanafungua friji ya chanjo na kutazama kama joto limeandikwa asubuhi na jioni, na kama limekaa kati ya digrii 2 na 8. Wanalinganisha rejista ya wagonjwa na ripoti ya mwezi. Wanachukua fishi za dawa, wanahesabu vidonge vilivyo kabatini, wanaona kama hesabu inakubaliana. Wanakwenda nyuma kutazama shimo la kondo la nyuma na tanuri la kuchomea sindano. Wanaomba partogramu, karatasi za kufuatilia uchungu, za wanawake waliojifungua, wanaona kama zimejazwa wakati wa uchungu au zimejazwa kesho yake kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila kutetereka. Ninayaheshimu haya yote. Umeme wa SNEL ukikatika siku mbili na friji ikapoteza baridi, mtoto atachomwa sindano ambayo haimkingi kitu, na mama yake atarudi nyumbani akiamini mwanawe yuko salama. Mtu anayekagua friji anaokoa watoto.

Lakini ikifika sehemu ya wafanyakazi, karatasi ina visanduku vichache tu: wauguzi wa A0 wangapi, wa A1 wangapi, wa A2 wangapi, yaani kwa ngazi ya masomo yao, na wengine wangapi. Muuguzi mkuu, titulaire kama tunavyomwita, anataja namba, msimamizi anaandika, wanageuza ukurasa. Hakuna anayeuliza ni nani kati yao aliyepata chochote mwezi uliopita.

Siku moja, katika kikao cha mwisho wa mwezi, nilichora safu tatu katika daftari langu. Ya kwanza, wenye mshahara wa serikali pamoja na primu ya hatari, yaani posho ya kazi ya hatari. Ya pili, wenye primu peke yake. Ya tatu, wasio na kimoja wala kingine, wanaoishi kwa kile kinachobaki katika sanduku la kituo. Titulaire alikuwa anataja majina huku anatazama chini. Safu ya kwanza ilikuwa na yeye na mwingine mmoja aliyekaribia pensheni. Ya pili ilikuwa fupi pia. Ya tatu ilishuka hadi chini ya ukurasa: mkunga, kijana wa maabara, wauguzi wa chanjo, mama wa usafi, mlinzi wa usiku, wanafunzi waliomaliza ITM, shule ya uuguzi, wakaomba wabaki “wajizoeze” na hawakuondoka tena.

Mkunga alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Yuko pale tangu kabla ya 2015, kabla Katanga haijakatwa vipande vinne na sisi kuwa Haut-Katanga. Ana barua ya kupelekwa kazini, yenye muhuri, ameitunza ndani ya plastiki. Nilimwuliza kwa nini jina lake halijaingia kwenye listingi, orodha ya wanaolipwa na serikali.

“Mama mwalimu,” akasema, “dosye yangu iko Kinshasa. Inazeekea kule.”

Nilimwelewa haraka kwa sababu ya kazi yangu. Shuleni kwetu tunao pia, tunawaita NU, walimu ambao wako darasani, wana chaki mkononi, wanafundisha watoto wa Leta ndani ya shule ya Leta, lakini mashine ya malipo haiwajui. Mwaka 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure, wazazi walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini fedha za wazazi ndizo zilizokuwa zikimlisha NU. Zilipokatazwa, matrikili yake, namba ya utumishi, ikawa bado haijafika, akabaki mbele ya darasa lililojaa mara mbili bila senti. Wengine walivumilia. Wengine tuliwakuta sokoni wanauza kadi za simu. Tangu Septemba 2023, uzazi wa bure ulipoanza kule Kinshasa, nimekuwa nikiwaambia wenzangu katika kamati kitu kimoja: huo ni uamuzi mwema na tuutake, lakini kila unakofika wahesabiwe kwanza wakunga wa safu ya tatu. Mwanamke akiambiwa hatalipa, na mkunga naye hatalipwa, usiku atakayekuwa chumbani ni nani?

Nieleze jinsi safu ya tatu inavyofika mfukoni mwa mgonjwa, kwa kuwa wengi hudhani ni uchoyo wa wauguzi. Baba mmoja kijana alikuja nyumbani kwangu alfajiri, mkewe amejifungua salama usiku ule, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Bei ya kujifungua iliyobandikwa ukutani alikuwa nayo, ameiweka akiba tangu mimba ina miezi mitano. Kilichomshinda ni yale yaliyoandikwa chini yake kwa peni nyingine: glavu, javel ya kuua vijidudu, wembe, uzi, sabuni, kadi ya mtoto, na mstari wa mwisho usio na jina, namba tu. Alikuwa anauliza kwa heshima kabisa: “Mama, huu mstari wa mwisho, niulipie nini?” Mkewe na mtoto walikuwa bado kitandani, na wote tulielewa kwamba hawatatoka mpaka namba hiyo iishe. Nilikwenda. Mkunga hakubisha wala hakujificha. Alisema mstari ule ni usiku wake. Alikuwa amekesha, na asubuhi ileile anapaswa kwenda kuuza makala, yaani mkaa, ili watoto wake wale bukari, ugali wetu. Mume alikuwa na haki na mkunga alikuwa na haki, na yule aliyepaswa kuumaliza ugomvi wao hakuwa chumbani.

Sheria ya afya ya umma tunayo, ile ya tarehe 13 Desemba 2018. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 47 kwamba haki ya afya inalindwa. Sina neno juu ya maandishi hayo. Ninalouliza ni nani anayetumwa kuja kuona kama yanatimizwa, na anakuja kwa fedha za nani.

Hapa ndipo daftari la fedha lilinifungua macho. Kila mwisho wa mwezi, kabla hatujagawa kitu chochote, kabla dawa hazijanunuliwa upya, mstari wa kwanza wa matumizi ni mchango wa zoni. Ni asilimia ya mapato ya kituo, yaani asilimia ya fedha zilizotolewa na wagonjwa. Chini yake mistari mingine: nauli ya msimamizi, fotokopi za ripoti, “mapokezi”. Mwanzoni nilidhani ni desturi mbaya ya mtu fulani. Nikauliza taratibu, kwanza kwa titulaire, baadaye kwa wenzangu wa maeneo mengine, mwisho nikamwuliza msimamizi mwenyewe, mtu mpole ambaye tulishazoeana. Alinijibu bila kuficha. Ofisi ya zoni hupewa fedha za uendeshaji kidogo mno au kwa kuchelewa mno. Pikipiki inataka mafuta, na mafuta hayaletwi na barua. Yeye mwenyewe alikuwa katika safu ya pili. Kuna wenzake ofisini walio katika ya tatu.

Kwa hiyo mzunguko uko hivi: mgonjwa analipa, kituo kinapokea, sehemu inapanda ofisini, na sehemu hiyo ndiyo inayomleta msimamizi kuja kutazama kama mgonjwa ametozwa kupita kiasi. Hata awe mtu mwadilifu namna gani, akiukata ule mstari usio na jina wa mkunga, anakata pia nauli ya ziara yake ijayo. Sijawahi kumwona msimamizi akisema bei ya kituo fulani ipunguzwe. Nimewaona wakisema rejista ijazwe vizuri zaidi.

Na kuna baya lingine linalotoka palepale. Kituo kipya ni mchango mpya. Mjini hapa vituo vinaota kila barabara, vingine na kibali, vingine na kibali cha mdomo, dispanseri ya vyumba viwili yenye msalaba mwekundu uliochorwa kwa mkono. Mara kwa mara zinafungwa kwa kishindo, na baada ya mvua chache zimefunguliwa tena. Tunaambiwa ni ukosefu wa nidhamu. Mimi naona kwamba ofisi yenye njaa haiwezi kufunga mlango unaoilisha.

Nimeona ziara moja tu iliyokuwa tofauti, na imenifundisha zaidi kuliko semina zote nilizoitwa. Mkaguzi wa jimbo alikuja asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto, bila barua ya kutangulia, kwa pikipiki yake. Hakuingia ofisini. Aliketi kwenye benchi la kina mama, akawa anaomba risiti zao moja baada ya nyingine na kuuliza: umelipa nini, umepewa karatasi, dawa umeipatia hapa au umetumwa duka la nje? Aliandika muda mrefu. Ndipo akaingia akaomba rejista ya mapato ya siku ileile, akalinganisha. Hakupokea nauli, hakupokea hata soda. Nilimwendea nikamwonyesha safu zangu tatu. Alizisoma zote, akaniambia ukweli ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu wa cheo chake: anaweza kuandika kwamba mgonjwa ametozwa zaidi, anaweza kupendekeza adhabu, lakini jina moja hawezi kuliingiza kwenye listingi. Matrikili inatolewa na Wizara ya Utumishi wa Umma, fedha zinatengwa na Wizara ya Bajeti, na zote mbili ziko Kinshasa. Mwenye macho hana mkono, na wenye mkono hawajawahi kukaa kwenye benchi lile.

Wazee wa Lubumbashi wakisikia mazungumzo haya hutaja kampuni. Hawaachi. Baba yangu alikuwa mmoja wao, alifanya kazi Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi ya shaba, na babu yangu aliifanyia ilipokuwa bado Union Minière. Wanakumbuka unga wa mwezi, shule, foye sosiali ambako mama zetu walifundishwa kushona na kulea, na hospitali ambayo mfanyakazi na watoto wake waliingia bila kufungua pochi. Sitaki kuipamba enzi ile. Ulinzi wote ulikuwa wa mwenye namba ya kazi, na jirani asiye na namba aliangalia kwa nje. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza: muuguzi wa pale alijua mshahara wake unatoka wapi na unatoka lini. Kisha mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, shaba iliyokuwa inapita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka hadi sehemu ndogo kabisa, na mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 walipewa mkono wa kwaheri katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba alikuwa ndani ya hesabu hiyo. Pamoja na kazi, ilikwenda hospitali.

Alipopooza upande mmoja, miaka baadaye, tulimlaza katika hospitali ya serikali. Usiku sala nzima, yaani wodi, ilikuwa na muuguzi mmoja, na mara nyingine huyo mmoja alikuwa mwanafunzi. Aliyemgeuza baba kila baada ya saa chache asipate vidonda, aliyemwosha, aliyemlisha uji kwa kijiko upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi, aliyetoka kwenda kununua glavu na katheta duka la pembeni, ni dada yangu mdogo. Ndiye aliyekuwa gardemalade, ndugu anayekaa na mgonjwa. Alilala chini ya kitanda, kwenye kitenge, na wenzake kutoka vitanda vingine. Wao kwa wao walikuwa na mpango: huyu anaangalia wagonjwa watatu wakati yule anachota maji, huyu ana uzoefu wa dripu anaamshwa ikikaribia kuisha. Ile ilikuwa huduma kamili, na iliendeshwa na mabinti, wake na mashangazi ambao hakuna karatasi inayowahesabu. Ukaguzi ukiuliza vitanda vingapi, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, jibu litaonekana kama muujiza: watu wachache hivi wanawatunza wengi hivi! Muujiza ule ni dada yangu, aliyefunga meza yake ya sokoni kwa miezi.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wazee na walemavu haki ya ulinzi maalumu. Baba aliporudi nyumbani, hakuna aliyekuja kutoka Divisheni ya Mambo ya Kijamii wala zoni. RECO wa mtaa wetu, mhudumu wa afya ya jamii, mama wa kujitolea, ndiye aliyepita Jumapili kumpima presha kwa mashine aliyoazima kituoni. Naye yuko nje hata ya safu yangu ya tatu. Ningekuwa na uwezo ningeongeza ya nne.

Nirudi kituoni. Safu zile hazikukaa bure. Kamati na titulaire tulikubaliana mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza tuliunganisha bei: kujifungua ni namba moja, glavu ndani, javel ndani, usiku wa mkunga ndani. Vituo vingine vilishaanza bei ya jumla kabla yetu, hatukuivumbua. Tuliibandika nje, karibu na bomba, ambako watu husimama, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Fungu la wafanyakazi likagawanywa kwa pointi, na walio katika safu ya tatu wakapewa pointi zaidi kuliko wenye mshahara. Kikao hicho kilikuwa kigumu. Mwenye mshahara naye ana watoto, na mshahara wenyewe, ukishapanda daladala mara mbili kwa siku, haufiki tarehe kumi na tano. Titulaire ndiye aliyekimaliza. Alisema yeye atapunguziwa wa kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyebisha tena kwa sauti.

Malalamiko ya wagonjwa yalipungua sana, hilo nalishuhudia. Waliojifungua kituoni waliongezeka, kwa kuwa mwanamke akijua namba anaweza kuiwekea akiba. Mkunga hajaacha makala, ila sasa anauza jioni.

Kuna jambo moja lililotushinda kwa muda mrefu, nalo ni wingi. Mtu akisikia tunalia juu ya wafanyakazi atadhani ni wachache. Mjini ni wengi kupita kiasi. Kila mwaka ISTM, chuo cha juu cha afya, na shule za ITM zinatoa vijana, nao wanataka Lubumbashi, wanakuja na barua kutoka kwa fulani, mjomba wa fulani, mkubwa wa ofisi fulani. Kila anayeongezeka anakigawa kile kile kilichomo sandukuni. Wakati huohuo ukienda vijijini, Mitwaba au upande wa Pweto, unakuta kituo chenye muuguzi mmoja wa A2 anayefanya yote, kutoka chanjo hadi uzazi. Vijana hawakatai kwenda kwa uvivu. Ukimpeleka mtu Mitwaba bila mshahara, atakula nini kule, ambako mgonjwa mwenyewe analipa kwa kuku? Mjini angalau kuna wagonjwa wa kutosha kumfanya afike jioni. Kwa hiyo nchi ina wauguzi, na wanarundikana pale palipo na fedha za wagonjwa. Ukaguzi unaohesabu vichwa mjini unaandika “wapo wa kutosha”, na unaohesabu kijijini unaandika “upungufu”, na hakuna anayeweka karatasi mbili hizo kwenye meza moja.

Tulikataa kijana mmoja aliyekuja na barua ya namna hiyo. Simu zilipigwa. Niliitwa, nikaulizwa mimi ni nani hasa wa kumkatalia mtumishi wa afya. Nilijibu kwamba mimi ni mwakilishi wa wale wanaomlipa, na nikaonyesha daftari. Daktari mkuu wa zoni alilisoma kimya, akauliza kama zipo safu kama hizo za maeneo mengine. Hazikuwapo. Akaniambia zikipatikana ataziambatanisha na ripoti yake kwenda jimboni, na kwa hilo namshukuru, maana angeweza kunifukuza ofisini.

Sasa kazi tuliyo nayo ni hiyo. Tumemwandikia mbunge wetu wa jimbo, kwa kuwa Bunge la jimbo lina haki ya kumwuliza waziri wa afya wa jimbo maswali, ya maandishi na ya mdomo, na hata kuunda kamati ya uchunguzi. Tumeomba fedha za ziara za usimamizi ziwe na mstari wake katika bajeti ya jimbo, zilipwe, na mchango wa vituo ufutwe siku hiyohiyo. Tumeomba kila karatasi ya ukaguzi iwe na safu tatu mahali pa visanduku vile vichache. Hatukuomba jengo wala gari. Mbunge alitupokea, akasema barua ya eneo moja ni lalamiko, alete mtu za maeneo mengi naye atakuwa na swali la kuuliza.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi mlio katika kamati, hapa mjini na Likasi na Kasumbalesa, na hata Bukavu na Goma, ambako najua mnabeba mengine mazito juu ya haya. Msiandike majina, majina yanaweza kumletea mtu tabu. Andikeni kazi, mwaka alioanza, ana barua ya kupelekwa au hana, na yuko safu ya ngapi. Ukurasa mwingine, chukueni daftari la fedha mwandike kiasi kilichopanda zoni kila mwezi na kiasi kilichorudi, kama kimerudi. Titulaire asaini, mwenyekiti wa kamati asaini. Akikataa titulaire, msimlazimishe, kaeni naye mwanzoni mwa mwezi anapoandaa ripoti, mumwombe kwanza aandike ya kwake mwenyewe. Wengi hukubali hapo. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti, na karatasi zinapaswa kuwa mikononi mwa wabunge kabla hakijafunguliwa.